Kuvaa Kama Msanii kwa Nguo za Zamani: Mwongozo wa Mitumba, Kitale hadi Chwele

Koti la sufu la miaka ya sabini na fulana iliyoshonwa mwaka jana mara nyingi hulala kwenye rundo moja, kwa bei moja. Muuzaji wa soko la Kwanza (Trans Nzoia) au la Chwele (Bungoma) hana muda wa kuchunguza kila nguo. Anatazama kama inang'aa na kama ina jina linalojulikana. Koti lenye kola pana na bitana ya hariri analiona ni la mzee, basi analiuza kwa bei ya mzee. Mwongozo huu ni wako wewe unayelipenda koti hilo kwa sababu hiyohiyo, na unayetaka kulivaa, kulichora au kulitarizi hadi liwe lako, bila kuonekana kama umetoka kwenye tamasha la maigizo ya shule.

Huhitaji kuhamia Nairobi. Unahitaji tepu ya fundi, sindano, sabuni ya unga, na uvumilivu wa kupekua.

Kwa nini nguo za zamani?

Sababu ya kwanza ni kitambaa. Nguo nyingi za zamani ziliachiwa ziada ndani ya mshono, kwa hiyo fundi anaweza kuzipanua, na makoti ya zamani mengi yalitiwa bitana kamili. Si zote, takataka zilishonwa hata enzi hizo. Ila ile iliyofuliwa na kuvaliwa miaka arobaini ikafika Kitale bado nzima imeshafanya mtihani wake.

Ya pili: kwenye harusi ya Kimilili hutakutana na mwenzako amevaa rinda kama lako.

Ya tatu inahusu tulikotoka. Kenya ilikuwa ikijivalisha. Kisumu kulikuwa na kiwanda cha Kicomi, Eldoret kulikuwa na Rivatex, na pia Raymond iliyotengeneza blanketi na vitambaa vya sufu. Soko lilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, mitumba ikaingia kwa wingi na viwanda vikayumba. Rivatex ilifungwa, kisha Chuo Kikuu cha Moi kikainunua mwaka 2007. Mwaka 2020 serikali ilisimamisha uingizaji wa mitumba kuanzia Machi hadi Agosti kwa sababu ya korona, na kila aliyekuwa na kibanda alijua maana ya meza tupu. Kwa hiyo nguo ya zamani kwetu inatoka mahali pawili: ndani ya beli kutoka ng'ambo, na ndani ya sanduku la bibi yako.

Anzia kwenye sanduku

Watu hukimbilia soko na kuacha hazina iliyo chini ya kitanda. Nenda nyumbani uombe kuonyeshwa. Tafuta suti ya babu, sweta lililofumwa kwa mkono, leso zilizokunjwa tangu mahari, kitenge kilichofifia vizuri. Na usidharau vitambaa vya kochi. Nyumba nyingi za Bungoma na Trans Nzoia zina vile vyeupe vilivyofumwa kwa kulabu, au vile vya pamba vilivyotariziwa maua, ndege na maneno ya kumkaribisha mgeni. Hiyo ni sanaa ya mkono wa mtu unayemfahamu. Kitambaa kimoja cha mviringo, kikikatwa tundu la shingo na kutiwa pindo, kinakuwa kola ya kuvalia juu ya rinda jeusi.

Kabla ya kugusa mkasi:

☐ Nimemuuliza mwenye nacho, naye amesema ndiyo kwa kinywa chake, si kwa kunyamaza.
☐ Nimemuuliza nani alikifuma na lini, nikaandika jibu.
☐ Nimekipiga picha kikiwa kizima.
☐ Nina hakika si cha marehemu ambaye familia bado inamlilia.

Ukikosa jibu kwenye mstari wa kwanza, rudisha kitambaa kwenye kochi.

Sokoni: lini na saa ngapi

Huku kwetu mfuko unafuata mahindi. Mavuno yakiuzwa na Krismasi ikikaribia, kila mtu yuko sokoni na bei hazishuki. Mei na Juni, pesa ikiwa imeishia kwenye mbolea na palizi, muuzaji anafurahia kumuona mteja yeyote. Nunua makoti wakati huo. Ni kweli kuna baridi na wengine wanayataka, lakini utasikilizwa.

Kuhusu saa, unajua utaratibu: beli ikifunguliwa asubuhi, wanaolipa zaidi wanachagua kamera, yaani nguo bora za juu, mwisho wa yote inabaki fagia, yaani masalio. Ushauri wa kawaida ni kuwahi kamera. Mimi nakuambia usiache fagia. Wanaochagua kamera wengi wao wanatafuta nguo mpyampya za kuuza tena, na sketi ya marinda ya sufu au shati lenye kola ndefu wanaliruka. Walanguzi wa nguo za zamani wapo, ila wengi hupekua masoko ya Gikomba na Toi kule Nairobi. Chwele na Kwanza bado wewe ndiwe wa kwanza.

Hatua za kukagua nguo

1. *Gusa kabla ya kutazama.* Pitisha mkono kwenye rundo ukiwa unaangalia kando. Sufu, kitani, pamba nzito na hariri zinajitambulisha kwa vidole. Macho hudanganywa na rangi.

2. *Igeuze ndani nje.* Mshono uliofunikwa kingo zake, pindo lililoshonwa kwa mkono na bitana iliyoachiwa nafasi ni dalili ya kazi nzuri.

3. *Iinue kwenye mwanga.* Vitundu vya nondo huonekana kama nyota ndogo. Tazama kwapani, kwenye makalio na chini ya kola. Kitambaa kilichochakaa kwapani hakishoneki. Kitachanika kando ya mshono mpya.

4. *Inuse.* Harufu ya stoo huisha. Ya ukungu mzito huenda isiishe. Ya jasho la miaka kwenye poliesta itarudi kila ukipata joto.

5. *Pandisha na ushushe zipu mara tatu.* Zipu ya chuma iliyokwama hulainika kwa kusuguliwa mshumaa. Iliyong'oka meno ni ya kubadilishwa, na gharama hiyo itoe kwenye bei.

6. *Pima kwa tepu, sahau saizi ya lebo.* Rinda la zamani lililoandikwa 14 huwa dogo kuliko 14 ya leo. Nyumbani pima nguo yako inayokukaa vizuri: bega hadi bega, kwapa hadi kwapa, kiuno, urefu. Andika namba hizo nne kwenye simu.

7. *Tazama mabega mwisho, na uwe mkali.* Fundi atapunguza kiuno na kukata urefu kwa bei nafuu. Bega la koti ni kulifumua lote na kulijenga upya. Bega likikataa, liache.

> KISANDUKU: KUSOMA UMRI WA NGUO
>
> • *St Michael*: jina la bidhaa za duka la Marks & Spencer la Uingereza tangu 1928; liliachwa mwaka 2000. Ukiliona, huenda nguo ina robo karne au zaidi.
>
> • *Made in West Germany*: kati ya 1949 na 1990. *Czechoslovakia*: si baada ya 1992.
>
> • *ILGWU*: lebo ya chama cha wafanyakazi wa nguo za kike cha Marekani, kilichoungana na kingine mwaka 1995. Hutafutwa sana.
>
> • *Alama ya Woolmark* (kama uzi uliosokotwa): ilianza 1964. Sufu yenye alama hiyo haiwezi kuwa ya zamani kuliko hapo.
>
> • *Levi's*: kijilebo chekundu cha mfukoni chenye jina kwa herufi kubwa zote ni cha kabla ya 1971. Tahadhari: kampuni imetoa upya miundo ya zamani, kwa hiyo herufi peke yake si ushahidi.
>
> • *Hakuna maelezo ya kufua*: Marekani ilianza kuyalazimisha miaka ya mwanzo ya sabini. Nguo ya huko isiyo nayo huenda ni ya kabla ya hapo, au lebo ilikatwa tu.
>
> Usitegemee dalili moja. Lebo, zipu na mshono vikikubaliana, hapo una jibu.

Kuelewana bei

Taja kasoro ya kweli, usiitukane nguo. Mazungumzo ya Chwele huenda hivi:

“Mayi, hili koti ngapi?”
“Mia tano, kastoma wangu.”
“Kifungo kimoja hakipo, na bitana imeachia hapa. Niuzie mia tatu.”
“Leta mia tatu na hamsini ubebe.”

Basi, beba. Ukishajua kwamba nguo ina thamani mara kumi ya anayoitaja, mlipe alichosema bila kumkamua hamsini ya mwisho; amebeba beli hiyo kwa mkopo. Kesho yake atakuwekea kando “zile za kizee unazopenda”, na huduma hiyo haina bei.

Vya kuacha, hata ukipewa bure

- *Nguo za ndani.* Viwango vya ubora vya Kenya vinazikataza katika mitumba, na kwa sababu nzuri.
- *Jaketi na suruali za madoadoa ya kijeshi.* Zinapendeza, najua. Lakini sheria za Kenya haziruhusu raia kuvaa sare za jeshi au zinazofanana nazo, na Uganda ni hivyo hivyo. Ukiwa njia ya Endebess kuelekea mpaka wa Suam, hutapata nafasi ya kueleza mambo ya mitindo.
- *Viatu vya zamani vyenye soli ya sponji.* Soli hiyo huoza ikiwa imekaa tu. Utatembea hatua mia na kuacha nyuma yako makombo meusi.
- *“Ngozi” inayobanduka kama magamba.* Haitengenezeki.

Kufua: hapa ndipo nguo nyingi hufa

Nguo imevuka bahari ndani ya robota lililoshindiliwa na kupuliziwa dawa. Usiivae kabla ya kuifua, hata kuijaribu kwenye ngozi tupu. Kama una wasiwasi wa wadudu wa upele, ifunge kwenye mfuko wa plastiki wiki moja. Wadudu hao wakikosa mwili wa binadamu hufa ndani ya siku chache.

1. Zijue nyuzi zake. Nyumbani, chomoa uzi mmoja kwenye pindo, ushike kwa kibanio juu ya sahani na uuchome. Pamba inanuka karatasi inayoungua na kuacha jivu laini. Sufu na hariri zinanuka nywele. Poliesta inayeyuka na kuacha kishanga kigumu.

2. Jaribu rangi: lowesha sehemu ya ndani ya mshono, bonyeza kwa kitambaa cheupe. Ikitoka, fua peke yake kwa maji baridi.

3. Pamba: loweka usiku mmoja kwa sabuni ya unga. Sufu: maji baridi au vuguvugu kidogo, sabuni laini au shampuu, bonyeza bila kusugua. Sufu ikisuguliwa kwa maji moto inasinyaa na kugeuka blanketi la mtoto, na hakuna atakayeirudisha.

4. Harufu ikibaki, suuza kwa maji yenye siki nyeupe kidogo, kisha ianike penye upepo.

5. Usikamue kwa kusokota. Iviringe ndani ya taulo uikanyage. Sufu ianike ikiwa imelala, kivulini.

Jik ni ya pamba nyeupe tu. Inakula sufu na hariri, na nguo yenye poliesta huibadilisha kuwa njano. Na lile la kuweka chumvi “kushikisha rangi”: halifanyi kazi kwa nguo iliyokwisha kupakwa rangi kiwandani. Unapoteza chumvi.

Kuchora juu ya nguo

Hapa ndipo koti la mtu wa Leeds, Uingereza, linakuwa lako. Ila kuna kitu kimoja cha kukubaliana kwanza: si kila nguo ni ubao wa kuchorea. Koti zuri la sufu lisilo na doa liache lilivyo, au litarizi kwa uzi, ambao unaweza kufumuliwa. Rangi ipeleke kwenye jinzi, turubai, pamba nzito, na hasa nguo yenye doa lisilotoka. Doa linakuonyesha pa kuanzia.

*Uchore nini?* Chora ulichokiona, si ulichokiona kwenye simu. Nenda kinamasi cha Saiwa, hifadhi ndogo ya taifa iliyotengwa mwaka 1974, utazame nzohe wakiwa majini na korongo wenye taji. Nenda makumbusho ya Kitale, yaliyoanza na mkusanyiko wa Hugh Stoneham na kufunguliwa kwa umma mwaka 1974. Kaa na daftari mbele ya mapambo ya Wapokot na vyombo vya Wabukusu, ukiangalia namna rangi tatu zinavyotosha. Jifunze mpangilio, usinakili pambo lenyewe. Shanga za Pokot zinatangaza kama mwanamke ameolewa au bado. Ukizichora mgongoni bila kujua, umeandika barua usiyoweza kuisoma.

Unahitaji: rangi ya akriliki (maduka ya vifaa vya shule na sanaa mjini huwa nayo) au rangi ya nguo ukiipata, brashi mbili, chaki, katoni, pasi.

1. Fua nguo na uikaushe bila kulainisha kwa dawa ya manukato. Mafuta yake yanazuia rangi kushika.

2. Ingiza katoni ndani ya nguo ili rangi isipenye upande wa pili, ukaze kwa vibanio.

3. Chora mistari kwa chaki. Vaa nguo, jitazame kwenye kioo, utembee. Mchoro unaopendeza mezani unaweza kuangukia katikati ya matako. Futa, sogeza.

4. Ongeza maji kidogo kwenye akriliki, paka safu nyembamba, acha ikauke, paka ya pili. Safu moja nene itakuwa ngumu kama kadibodi na kupasuka kiwikoni.

5. Kwenye kitambaa cheusi, paka kwanza nyeupe chini ya kila rangi angavu. Ukiruka hili, njano yako itakuwa matope.

6. Acha siku nzima. Kisha geuza nguo, weka kitambaa safi juu, upige pasi ya moto bila maji upande wa nyuma kwa dakika tano hivi, ukisogeza mkono. Kama ni pasi ya makaa, ipepee nje kwanza. Jivu likidondoka kwenye rangi halitoki.

7. Subiri wiki moja kabla ya kufua, kisha fua kwa mkono, ndani nje.

Edward Saidi Tingatinga alipoanza Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia vibao vya ujenzi na rangi za mafuta za kopo, kwa sababu ndivyo vilivyopatikana. Mchukue kama mfano wa ujasiri, si wa vifaa: rangi ya aina hiyo kwenye nguo inakauka kama bamba. Mfano wa karibu zaidi ni Michael Soi wa Nairobi, ambaye mifuko yake ya turubai iliyochorwa kwa mkono hubebwa begani kama mkoba wowote.

Kuvaa sasa

Velma Rossa na kaka yake Papa Petit, wanaojulikana kwa jina la 2ManySiblings, walijijengea sifa Nairobi kwa kuvaa mitumba kwa mpangilio wa mtu anayechora. Ukitazama picha zao utaona hawaogopi rangi mbili zinazogombana, lakini umbo la nguo limepimwa. Osborne Macharia amepiga picha za kubuni za wazee na bibi waliovalia kwa mbwembwe, na katika hizo unajifunza kwamba umri si kikwazo. Cyrus Kabiru anatengeneza miwani kwa vyuma chakavu; anapoivaa, shati lake linanyamaza. Na ng'ambo ya mpaka, Kampala, Bobby Kolade wa Buzigahill huvunja mitumba, huishona upya na kuiuza kwa nchi zilizoituma.

Mimi nachukua hili kutoka kwao: kitu kimoja kizungumze, vingine visikilize. Ukivaa koti lililochorwa, suruali iwe ya rangi moja. Ukivaa kola ya kitambaa cha kochi, acha mkufu nyumbani. Na changanya enzi. Sketi ya 1975, na blauzi ya 1975, na viatu vya 1975 ni sare ya kuigiza. Sketi hiyo na fulana nyeupe ya leo na ndala safi ni wewe.

Makosa ninayoyaona sana:

☐ Kununua kwa sababu ni rahisi. Kama hujui utaivaa na nini ulicho nacho tayari, ni mzigo.
☐ Kumpa fundi koti bila kulivaa mbele yake. Vaa, atie pini, ndipo akate. Mwambie asitupe ziada ya mshono.
☐ Kutuma pesa kwa M-Pesa kwa muuzaji wa mtandaoni ambaye hajakupa vipimo na picha ya kwapa.
☐ Kuvaa kila kitu kwa mara moja siku ya kwanza. Anza na kwenda dukani, si na harusi ya binamu. Maneno ya wapita njia wa Kwanza ni makali lakini ni mafupi.

Kuhifadhi

Mvua za Trans Nzoia huchukua nusu ya mwaka, na ukungu hauchagui. Hifadhi nguo zikiwa safi na kavu kabisa. Nondo hufuata jasho na chakula kilichomwagika. Makoti yatundike kwenye hanga nene, masweta yakunje, kwa sababu sweta likitundikwa linarefuka mabega. Mifuko ya plastiki iliyofungwa inafungia unyevu ndani, kwa hiyo tumia shuka kuukuu. Omba kwa seremala maranda ya mtarakwa uyafunge kwenye soksi kuukuu. Harufu yake husaidia kiasi dhidi ya nondo, na ikififia unabadilisha. Usiweke sanduku lako kwenye chumba cha mahindi. Panya watatandika sufu yako kuwa kiota kabla ya Februari, na vumbi la dawa ya kuhifadhi nafaka si kitu cha kuvaa mwilini.